Vyumba Viwili vya Viziwi, Kapata

Niliacha kusikia nikiwa na miaka tisa, katika majuma ya homa ambayo mengi yake siyakumbuki. Ninachokumbuka ni kuamka hospitalini na kumwona mama akisogeza midomo. Nilidhani ananong'ona kwa sababu wagonjwa wengine wamelala. Nikamwambia, "Mama, sema kwa nguvu." Akasema kwa nguvu. Niliona mishipa ya shingo yake ikitokeza, nikamwona mwanamke wa kitanda cha jirani akigeuka kumtazama, lakini mimi sikupata kitu. Mama alinifunika uso kwa kitenge chake ili nisimwone akilia. Nilimwona hata hivyo, kwa sababu kitenge kilikuwa chepesi.

Kwetu ni watu wa maneno mengi. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, akapewa nyumba Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, katika safu za nyumba zinazofanana hata mgeni hupotea. Baba alizaliwa humo na bado analala humo. Jioni tulikula pamoja, bukari, yaani ugali, katikati, sombe ya majani ya muhogo pembeni, na mazungumzo yalianza kwa Kiswahili, yakapita kwenye Kiluba wazee walipotaka kusema siri, yakamalizikia kwenye kicheko. Baada ya ugonjwa nilikaa mahali pangu palepale, kati ya mama na kaka yangu mkubwa. Niliwaona wakicheka. Nikiuliza, "Nini?", mama aliinua kidole: ngoja. Kaka alisema, "Tutakwambia nyuma," yaani baadaye. Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyojifunza kuyasoma midomoni, kwa kuwa ndiyo niliyoambiwa mara nyingi zaidi. Hawakuniambia nyuma. Sikuona ubaya ndani yao. Kichekesho kikishapita, ni nani mwenye nguvu ya kukirudia polepole, neno kwa neno, kwa mtu mmoja?

Baba peke yake ndiye aliyenitengea saa yangu. Kabla ya homa nilikuwa naimba katika kwaya ya watoto kanisani, na yeye alikuwa mtu wa kusimama nyuma ya kanisa ili aone vizuri. Sasa alinikalisha kwenye ngazi ya mlango, akanipa kitabu cha shule, nikasoma kwa sauti. Nikipanda juu mno, alishusha kiganja chake hewani. Nikififia, alikipandisha. Nilikuwa nikiendesha sauti nisiyoisikia, na yeye alikuwa masikio yangu.

"Sitaki sauti yako ipotee," aliniambia, akitamka kila neno kama anayeliweka mezani.

Shule ya kawaida ilinishinda. Mwalimu alinihamishia benchi la mbele, kisha akasahau na kufundisha akiwa amegeukia ubao. Mwaka uliofuata alimwambia mama kwamba ingekuwa vyema nipumzike nyumbani. Nilipumzika misimu miwili ya mvua. Mama alinipeleka kwa wachungaji mbalimbali, wakanitia vidole masikioni na kuomba. Mmoja alinipulizia. Nilihisi pumzi yake yenye harufu ya kitunguu, na alipouliza kwa macho kama nimesikia, nilitamani sana kumjibu ndiyo, kwa ajili ya mama.

Mkoa wetu wa Lualaba ulikuwa mpya wakati ule, na wakubwa walikuwa wanafungua vitu: barabara, ofisi, mnara wa maji. Jumapili moja ilitangazwa kanisani kwamba serikali itafungua shule ya watoto viziwi hapa hapa Kapata, na wazazi wasiwafiche watoto wao. Mama alinibana mkono. Baba aliandika tangazo lote nyuma ya kitabu cha nyimbo na kunipa nisome. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Njo masomo ya Leta. Hautaenda mbali." Kwetu njo ni ndiyo, masomo ni shule, na Leta ndiyo serikali; baba alilitamka neno hilo kwa heshima ambayo sijawahi kumwona akiitoa tangu hapo.

Shule yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya mwisho katika jengo la shule ya msingi. Kabla yetu vilihifadhi madawati yaliyovunjika, na siku ya kwanza madawati hayo yalikuwa bado yamerundikwa kwenye kona moja, miguu juu. Mkuu wa shule alikuwa mama mmoja mwenye kusikia, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyefundisha watoto wa kawaida maisha yake yote. Serikali ilimteua, ikampa chaki, basi. Hakuwahi kukutana na mtoto kiziwi. Aliandika neno la kutukaribisha ubaoni kwa herufi nzuri, akasimama kando yake akitabasamu, na katika chumba kizima ni mimi tu niliyeweza kulisoma.

Wenzangu walikuwa wa kila umri. Kulikuwa na kijana aliyeanza kuota ndevu, na kulikuwa na msichana mdogo ambaye bibi yake alimfunga kwa kitambaa kiunoni ili asikimbie. Kila mmoja alikuja na alama za nyumbani kwake. Mmoja akitaka maji alikunja kiganja mdomoni. Wa pili alizungusha bomba hewani. Wa tatu, aliyetoka mahali ambapo maji huchotwa mbali, aligonga utosi wake, pale ndoo inapokaa. Walitazamana kwa mshangao, kila mmoja akidhani mwenzake ana kichaa. Mama mkuu alitazama mikono hiyo yote, kisha akanitazama mimi.

Nikasema, "Mama, banataka maji."

Nusura anikumbatie. "Mungu ameniletea mukalimani!"

Kumbe sikuwa mkalimani wa chochote. Nilikuwa nimebahatisha tu. Lakini katika majuma yale ya mwanzo nilikuwa mtu pekee ambaye mama mkuu aliweza kuzungumza naye, na alizungumza sana, akinikabili uso kwa uso, akinieleza matatizo ya paa na ya madawati kama kwamba mimi ni mwalimu mwenzake. Watoto wengine walikaa sakafuni wakitungoja. Niliona fahari. Na niliona pia kwamba hakuna aliyekuja kukaa karibu nami.

Kisha akaja mwalimu kutoka Likasi, na begi moja. Alizaliwa kiziwi, akasomeshwa katika shule ya wamisionari, hakuwa na sauti kabisa isipokuwa kicheko chake, ambacho mama mkuu aliniambia kilifanana na mlango mzito unaofunguliwa. Ofisi ya elimu haikukitambua cheti chake, kwa hiyo aliandikwa msaidizi. Siku ya kwanza alisimama mbele yetu bila kufanya lolote mpaka kila jicho likamfikia. Hapo akaonyesha ndoo, akatupa alama moja ya maji. Moja, ya wote. Akazunguka chumba akirekebisha vidole vya kila mtoto, hata vya yule mwenye ndevu, kama mshonaji anayepima nguo.

Hatukuwa na kengele, maana ingemwita nani. Mwalimu alitutolea kitambaa chekundu mlangoni, tukarudi mbio. Alasiri, mgodi ulipolipua mawe, vioo vilitikisika. Watoto wa shule ya msingi jirani waliziba masikio. Sisi tuliacha kila kitu tukaweka viganja ukutani. Mtikisiko uliingia mkononi, ukapanda hadi kwenye kiwiko. Ilikuwa raha yetu ya kila siku, na wakati ule tu, tukiwa tumejipanga ukutani wote pamoja, nilijiona sina tofauti na mtu yeyote.

Mwalimu alimpa kila mmoja jina la mkono, kwa kuwa majina ya mdomoni hayatufai. Mvulana mwenye ndevu alipewa kidevu. Mimi alinigusa kooni kwa vidole viwili. Nilimuuliza kwa nini. Akaandika ubaoni: Wewe una sauti. Aliandika kwa upole, lakini nililia nilipofika nyumbani, na mama alipouliza nini, sikujua nimjibu vipi. Nilikuwa nimekwenda mahali ambapo watu wote ni kama mimi, nao wakanitaja kwa kile kinachonitofautisha nao.

Rafiki yangu alifika shule ilipokuwa imeshazoeleka. Alikuwa amenizidi umri, msichana mrefu kutoka upande wa Sandoa, aliyeletwa na mjomba wake aliyekuwa akichimba kobalti kwenye machimbo ya Mutoshi. Maisha yake yote hakuwa na alama zaidi ya kunyoosha kidole na kuvuta nguo ya mtu. Alikaa nami kwa sababu benchi langu lilikuwa na nafasi. Kwenye kifundo cha mkono alikuwa na kovu la moto, na mwalimu akalifanya hilo kuwa jina lake: vidole vinapita juu ya kifundo, kama mtu anayefuta maji.

Nilimfundisha alama asubuhi, naye alasiri alikuwa ananifundisha mimi. Hakuwa na Kiswahili kichwani cha kumchelewesha. Mimi nilifikiri kwa maneno kwanza, nikayageuza kuwa mikono, moja baada ya jingine. Wenzangu walinicheka, wakisema ninaandika hewani. Yeye alikuwa anaonyesha. Mwaka haukuisha kabla hajawa msimuliaji wa shule. Wakati wa mapumziko walimzunguka, naye aliwafanyia mjomba wake akisinzia juu ya pikipiki, kichwa kikianguka, mkono ukishtuka, mbuzi akikimbia barabarani. Watoto walianguka chini kwa kucheka. Nilishika nusu tu ya kisa. Nilimgusa aliye karibu nami nikamuuliza, "Nini?" Naye akainua kidole: ngoja.

Ilikuwa alama ileile ya mama yangu mezani. Nilitoka kwenye duara nikaenda kukaa penye kivuli cha ukuta.

Mwishoni mwa mwaka uliofuata tulipata habari mbaya. Shule ya msingi ilitaka vyumba vyake. Sisi tulikuwa wachache, na ofisini walikuwa wanajiuliza kama tuna faida. Wakubwa wangekuja kuona kwa macho yao, ndipo waamue. Mama mkuu alikonda. Alikuja nyumbani kwetu, akakaa na baba na mama sebuleni, akaniomba niseme hotuba kwa Kifaransa mbele ya wageni. Aliniletea maneno yake. Baba alifurahi mpaka akasimama.

Mwalimu hakufurahi. Niliwaona wakibishana uani, yeye na mama mkuu, ambaye sasa alijua alama za kutosha kwa ugomvi. Mwalimu alisema: waonyeshe watoto wote, waonyeshe hesabu zao, waache mikono iseme. Mama mkuu alitikisa kichwa, akamjibu kwa mkono na mdomo pamoja, nami nikausoma mdomo: "Bakubwa habatasikia mikono."

Siku hiyo kulikuwa na viti vya plastiki na turubai. Mwalimu aliwekwa nyuma kabisa, na wenzangu walipangwa kwa urefu, wamevaa nguo safi, mikono nyuma kama walivyoagizwa. Mgeni mkubwa alininyooshea kipaza sauti. Baba alisimama pembeni penye wazazi, na nilipoanza, niliona kiganja chake kikishuka kidogo: punguza. Nilisema kwamba sisi watoto viziwi wa Lualaba tunaishukuru serikali. Nilisema tulikuwa gizani. Nilisema mengi, na nilitazama midomo ya wageni ikifunguka kwa mshangao. Mwanamke mmoja mwenye kilemba cha dhahabu alifuta macho. Kisha wote wakapiga makofi.

Viziwi hawapigi makofi. Tunatikisa mikono juu. Niligeuka kuwaangalia wenzangu. Mikono yao ilikuwa bado nyuma. Hawakuwa wamekasirika. Walikuwa wanamtazama mwalimu ili awaeleze nimesema nini, na mwalimu alikuwa anawaonyesha viganja vitupu, maana yeye pia hakujua. Nilikuwa nimesema kwa niaba yao, na hakuna hata mmoja wao aliyejua nilichosema.

Jioni baba alinieleza mengine. Alikuwa na furaha iliyochanganyika na kitu.

"Banasema masomo njo ilikupatia sauti," aliniambia.

"Sauti nilikuwa nayo, tata."

"Najua." Alijigusa kifuani. "Mi najua."

Shule ilipona. Tulipewa vyumba vile moja kwa moja, tukaongezewa cha tatu, tukapata mabenchi mapya na bango lenye bendera. Mabenchi yalipofika, watoto walikimbia kuyakalia, wakayapiga kwa viganja. Lakini wakati wa mapumziko duara lilikuwa limefungwa. Hakuna aliyenifukuza. Ni mabega tu yaliyokuwa karibu karibu, na mimi sikuwa na moyo wa kuyatenganisha.

Rafiki yangu ndiye aliyenifuata ukutani. Akaniuliza, "Ulisema nini siku ile?"

Nikamsimulia hotuba nzima kwa mikono, kuanzia salamu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema jambo refu hivyo, na katikati nilisahau kutafuta maneno. Alinitazama mpaka mwisho, akafikiri.

"Kuna uongo mwingi," akasema. "Lakini mabenchi ni mazuri."

Tulicheka mpaka mwalimu akatoa kitambaa chekundu mara mbili.

Jumatatu moja rafiki yangu hakuja. Wala Jumanne. Mwalimu alipanda pikipiki kwenda Mutoshi kumtafuta, akarudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Alituambia kwamba alizunguka siku nzima akiandika swali lake kwenye kibao na kuwaonyesha watu, na watu wakakisukuma kibao pembeni wakidhani anaomba msaada. Baadaye tulipata habari kwamba wachimbaji wa upande ule waliondolewa, wakatawanyika kutafuta mashimo mengine, na mjomba alikwenda naye. Mahali pake kwenye benchi palikaa wazi muda mrefu. Siyo kwamba palitunzwa. Ni kwamba hakuna aliyetaka kukaa nami.

Sina mengi ya kusimulia juu ya miaka iliyofuata. Nilisoma. Nilikuwa katika kundi la kwanza la shule yetu kufanya mtihani wa serikali wa kumaliza shule ya msingi, na tulipofaulu, mama mkuu alicheza ngoma uani peke yake, bila muziki ambao sisi tungeujua. Mikono yangu ilifunguka. Wenzangu walikua, wakawa waungwana nami. Tulisalimiana vizuri. Nilipewa kusaidia darasa la wadogo, na wadogo walinipenda, kisha saa ilifika wakaenda kwao. Nilirudi nyumbani, nikakaa mahali pangu mezani, nikatazama midomo.

Habari za rafiki yangu zililetwa na mama wa mwanafunzi mmoja, mfanyabiashara wa samaki wakavu. Alisema wachimbaji wamerudi Mutoshi, na huko amemwona dada asiyesikia, mrefu, anayeuza chakula kwa wachimbaji. Nilimwomba baba anipeleke. Nilikuwa nimeshapanga yote kichwani: nitamkuta amechakaa, nitamshika mkono, nitamrudisha shuleni, benchi letu lipo.

Tulifika kabla ya mchana. Ardhi ile imefukuliwa mpaka imekuwa kama mdomo uliong'olewa meno, na vijana walikuwa wanapanda na kushuka na magunia, wamefunikwa na vumbi hata hujui nani ametoka Kasai na nani ametoka Kivu. Baba alisimamisha pikipiki, akamuuliza mmoja wao. Nilisoma mdomo wake: "Munajua mwanamuke moja hasikiake, anauzishaka chakula?"

Kijana alitua gunia lake. Hakujibu kwa mdomo. Alipitisha vidole juu ya kifundo cha mkono wake, kama mtu anayefuta maji, akainua nyusi: huyu?

Jina lile lilitungwa ndani ya vyumba vyetu viwili na mwalimu wetu, na hapa kijana mwenye kusikia, ambaye sijawahi kumwona, alikuwa analo mkononi kama kitu chake cha kila siku. Baba alinitazama, hakuelewa. Nikamwambia, "Ndiyo, tata. Njo yeye."

Alikuwa chini ya turubai la bluu, na sufuria za wali na maharage, mwanamke kamili sasa, kilemba kichwani. Aliponiona alipiga kelele, najua kwa sababu watu wote waligeuka. Alinishika uso kwa mikono yake yenye unga. Tulisema na kusema. Katikati ya maneno yetu wachimbaji walikuja kununua, nao waliagiza kwa mikono: maharage mengi, pilipili kidogo, leo sina njaa, leo nimepata jiwe zuri. Alama zao zilikuwa mbovu, nyingine wamezitunga wenyewe. Mmoja alimtania, naye akamjibu kwa kumfanyia anavyotembea akiwa amelewa, na benchi zima lilitikisika kwa kicheko. Nilikuwa natazama kwa makini nione kama wanamcheka. Walikuwa wanacheka naye.

Nikamwambia, "Rudi shuleni. Ungemaliza."

"Nimalize, halafu?"

"Halafu..."

"Hapa wananijua," akasema. Akamwonyesha kijana wa gunia, akawaonyesha wengine, kama mtu anayeonyesha ndugu zake. Kisha akaniuliza bila ubaya wowote: "Kwenu nyumbani, nani anajua mikono?"

Nilimtazama baba. Alikuwa amesimama kando ya pikipiki, kofia mkononi, akitutazama kwa tabasamu la mtu asiyeelewa na asiyetaka kuonekana haelewi. Nililijua tabasamu hilo. Ni langu, la mezani.

"Hakuna," nikajibu.

Hakusema pole. Alinijazia sahani. Alimwita na baba, akampa naye, na baba alipomaliza, rafiki yangu aliichukua mikono yake mikubwa akaanza kumfundisha kama alivyozoea kuwafundisha wateja: chakula, asante, tamu. Baba alicheka kwa aibu, akarudia. Kisha rafiki yangu alivishika vidole viwili vya baba, akaviweka kooni pa baba mwenyewe, halafu akaninyooshea kidole mimi.

"Ni nini?" baba akaniuliza.

"Njo jina yangu," nikamwambia. "La shuleni."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu mwanzo."

Alibaki na vidole kooni. Nilikuwa nimelibeba jina hilo miaka yote, na yeye, mtu aliyenisomesha ngazini kila jioni, alikuwa halijui.

Njiani sikusema neno. Na nilipofika nyumbani niliamua kuendelea hivyo, nitumie mikono tu. Mezani, kaka alipocheka na mimi nikataka kujua, niliuliza kwa mkono. Mama aliponiita kwa kunigusa, nilimjibu kwa mkono. Nilitaka waje upande wangu hata hatua moja. Mama alidhani ni ugonjwa mpya; alitaka kunirudisha kwa wachungaji. Kaka alikasirika, akasema najidai. Baada ya siku kadhaa baba alikuja kukaa nami ngazini.

"Sauti yako," alisema, akaanza tena ili nimsome vizuri, "sauti yako njo kitu ilitubakilia. Masikio ilienda. Sauti ilibakia. Ukiitoa, mi nitabakia na nini?"

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba yeye pia alikuwa amepoteza kitu katika ile homa. Nilimjibu kwa sauti, naye akafunga macho kusikiliza. Nilimwambia kwamba nampenda, na kwamba nimechoka kuwa mtu wa kusikilizwa tu. Aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Sijui aliyaelewa mangapi. Alinishika bega mpaka mama akatuita kula.

Mwaka huohuo nilihama. Nilipanga chumba kimoja safu chache kutoka shuleni, na mama alilia, maana kwetu binti hatoki hivyo kabla ya kuolewa. Sasa ninafundisha darasa la wadogo. Shule ina ukuta wake na geti lake, na watoto ni wengi kuliko mabenchi. Mama mkuu alistaafu. Mwalimu wetu alirudi Likasi alipozeeka, akiwa bado msaidizi kwenye karatasi za ofisi, na siku aliyoondoka watoto walijipanga barabarani wakitikisa mikono juu mpaka basi likageuka. Serikali hutuletea walimu vijana wenye kusikia, wenye vyeti, nao hujifunza alama kutoka kwetu, mmoja polepole, mwingine hajifunzi kabisa. Rafiki yangu alihama Mutoshi na wachimbaji wake. Hunitumia picha zake kwa simu, akiwa amesimama mbele ya shimo hili au lile, kisha hupita miezi.

Chumbani mwangu hakuna anayekuja bila sababu. Wenye kusikia wanagonga, hawajibiwi, wanaondoka. Mara nyingi nimekuta jirani amekasirika kwamba nilimnyima mlango. Nilimtajia baba jambo hilo kwa kupita tu. Jumapili iliyofuata alikuja baada ya ibada akiwa bado na suti, na begi la vyombo vyake vya kazi. Kazi yake mgodini ni umeme. Alipanda juu ya kiti, akapitisha waya juu ya mlango, akaweka kitufe nje na taa ndogo nyekundu juu ya kitanda changu. Nilimshikia bisibisi. Alipomaliza alitoka, akafunga mlango.

Taa ikawaka. Nikafungua. Alikuwa amesimama pale, jasho usoni, tai pembeni. Alinionyesha nifunge tena. Nikafunga. Ikawaka, ikazimika, ikawaka. Nikafungua tena. Tulifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika kupima waya.

Kisha akaingia, akanywa chai, akanitazama nikisahihisha kazi za watoto. Alipotaka kuaga alijaribu kuniambia kitu kwa alama. Nadhani alitaka kusema "kesho kutwa nitarudi". Alichosema ni kwamba chakula ni kitamu. Nilimjibu kwamba ni kweli, nikamsindikiza hadi barabarani, nikarudi kumalizia madaftari.